Damu kwa Jina la Longino

Katika madereva wote wa malori ya pamba pale Mwanza, Longino Kahigwa ndiye aliyetaniwa kuliko wote, na sababu ilikuwa moja tu: alikuwa Mhaya asiyekunywa. Wenzake walimuuliza kama kweli alizaliwa Bukoba au aliokotwa njiani. Hata siku ya harusi yake kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kilipomfikia alikigusa kwa midomo tu, kwa heshima ya wazee, akakipitisha. Mama yake alimlea katika nyumba ambamo pombe haikuingia, naye alipokuwa mtu mzima hakuona sababu ya kuanza.

Kwa hiyo habari zilipofika Buzuruga, mwaka ule wa 1974, kwamba Longino amepindua lori la ushirika kwa ulevi, majirani walicheka. Kisha wakamwona mkewe, Specioza, hacheki, nao wakanyamaza.

Mambo yalikuwa hivi. Ulikuwa msimu wa kununua pamba, jua la Agosti, na mvua ilikuwa imekwisha sahaulika. Longino alipakia pamba kwenye ghala la upande wa kivuko, akala muhogo na samaki, akashika njia ya mjini peke yake kwa kuwa utingo wake alilala na homa. Kabla ya njia panda ya Usagara, Landrova ya polisi ilimpita, ikakaa mbele yake, naye akaendesha ndani ya vumbi lake kwa muda mrefu. Nyuma ya Landrova ile kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai. Hakukitilia maanani. Mawazo yake yalikuwa kwenye breki, maana lori lilikuwa zito.

Walipopita Usagara Landrova iliongeza mwendo ikapotea. Vumbi likaanza kutua. Na pale vumbi lilipotua, katikati ya barabara, alisimama mtu.

Alikuwa amelowa. Shati lilikuwa limemganda mbavuni, maji yalikuwa yakimtiririka kwenye vidole, na ardhi chini ya miguu yake ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Hakupunga mkono. Hakukimbia. Alimtazama Longino kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa kufika. Longino aliona vizuri hata mwani mdogo uliomnata shingoni, akakata usukani kwa nguvu zake zote.

Lori likaingia mtaroni, likalala ubavu. Pamba ikafumuka ikatapakaa barabarani, nyeupe, mpaka kwenye vichaka.

Kando ya hapo palikuwa na kijiji kipya, watu waliohamishiwa mwaka uleule, nyumba zao bado zina udongo mbichi. Walikuja mbio wakamtoa. Kichwa kilikuwa kimepasuka juu ya sikio. Mwanamume mmoja mwenye mvi alileta chupa kutoka nyumbani, akaimimina yote juu ya jeraha, Longino akapiga ukelele. Ilikuwa gongo. Ilimchuruzika usoni, ikaingia mdomoni, ikalowesha shati lote.

"Vumilia," yule mtu alisema. "Inaua wadudu."

"Yule mtu yuko wapi?" Longino aliuliza. "Nimemgonga?"

"Mtu gani?"

"Aliyekuwa barabarani. Aliyelowa maji."

Walitazamana. Barabarani hapakuwa na mtu, hapakuwa na damu wala alama ya maji. Palikuwa na vumbi kavu na pamba tu. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma yake.

Polisi walipofika, inspekta hakuwa na maneno mengi. Alimsogelea, akavuta pumzi, akarudi nyuma. "Ndugu dereva, umepindua mali ya wananchi. Na unanuka gongo mpaka kwenye viatu."

"Walinimwagia kwenye kidonda, afande. Waulize hawa."

Inspekta akawauliza. Walitazama chini. Kupika gongo lilikuwa kosa la kufungwa, na hakuna aliyekuwa tayari kusema chupa ile ilitoka nyumba gani. Mwanamume mwenye mvi alikuwa hayupo tena.

Kituoni walichora mstari wa chaki kwenye saruji ya uani wakamwambia atembee juu yake. Jua lilikuwa linawaka, kichwa kinamgonga, jicho moja limezibwa na damu iliyokauka. Alitembea. Alitoka nje ya mstari mara mbili. Inspekta aliandika. Kisha akapelekwa hospitali ndogo ya mjini kutolewa damu.

Chumba kile alikikumbuka maisha yake yote. Kilikuwa na dirisha moja, meza moja, na pazia la kijani lililogawa chumba katikati. Daktari alimfunga mpira mkononi akamchoma sindano, akaijaza chupa ndogo, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Longino alikuwa akitazama sakafu ili asione sindano. Chini ya pazia aliona maji. Yalikuwa yanadondoka kutoka upande wa pili, taratibu, yakijikusanya kwenye ufa wa saruji. Juu yake zilining'inia nyayo mbili za mtu, zimekunjamana na kuwa nyeupe.

"Daktari," alisema, "mgonjwa wako anavuja maji."

Daktari hakugeuka. "Huyo si mgonjwa," alijibu.

*

Majibu ya mkemia yaliporudi kutoka Dar es Salaam, kesi ilikwenda haraka. Damu iliyoandikwa jina la Longino Kahigwa ilikuwa na pombe nyingi mno. Inspekta alieleza harufu na mstari wa chaki. Longino alipoeleza juu ya mtu aliyelowa, katika msimu ambao hata mbuzi walikuwa wanahangaikia maji, watu waliokuwa nyuma ya chumba walicheka kwa sauti na hakimu akawanyamazisha huku naye akijizuia. Watu wa kijiji kipya waliletwa, nao wakasema kwamba hawakumwona mtu yeyote na hawakummwagia chochote. Alifungwa miezi sita na leseni ikachukuliwa.

Wakili Ndalahwa, Msukuma mwembamba aliyesali naye parokia moja, alikata rufaa akamtoa kwa dhamana. Longino alirudi nyumbani Buzuruga amekonda. Hakuwa na kazi. Asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, na Specioza alipotoka shule anakofundisha alimkuta amekaa kizingitini akitazama mikono yake.

Specioza hakumwambia wazi kwamba hamwamini. Lakini ni yeye aliyefua lile shati, na harufu ile aliinusa kwa pua yake.

Kisha ikaanza ile hali ya mchana. Baada ya chakula Longino alikuwa akijinyoosha kwenye mkeka, anapitiwa na usingizi, na mwili wake unakuwa baridi. Si baridi ya homa. Specioza alipomgusa shingo alihisi kama anagusa mtungi wa maji. Nje jua linapasua mawe, ndani mumewe anatetemeka. Na alikuwa anasema maneno. Kihaya hakikuwamo. Alisema Kisukuma, tena Kisukuma cha ndani kabisa, yeye ambaye katika maisha ya kawaida alijua salamu na kutaja bei tu. Specioza, aliyekuwa akikisikia kwa wanafunzi wake kila siku, alikielewa.

"Mwacheni Kashindye," alikuwa anasema. "Kashindye hakuwapo. Mwacheni."

Mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya. Iliporudiwa tena na tena akamwamsha.

"Baba Imma, mwanamke huyu Kashindye ni nani?"

Longino alipepesa macho. "Nani?"

"Kashindye. Unamtaja kila ukilala."

"Simjui mtu wa jina hilo."

"Pombe hukunywa, lakini ulinuka. Mwanamke humjui, lakini unamtaja." Specioza alisimama. "Nishike lipi, baba Imma? Niambie nishike lipi."

Longino alitaka kumwambia kwamba akiamka kutoka usingizi ule midomo yake huwa na ladha ya maji ya ziwani, yale ya ufukweni penye matete, lakini aliona maneno hayo yatamzidishia mashaka. Usiku ule Specioza alilala na mtoto.

*

Aliyeufungua mlango ni Ndalahwa, na aliufungua kwa swali dogo. Alimwita Longino ofisini kwake, Specioza akafuatana naye, na wakili akaweka kidole kwenye nakala ya ripoti.

"Nimemuuliza daktari mmoja rafiki yangu juu ya kipimo hiki," alisema. "Ameniambia mtu mwenye pombe hii hawezi kupindua lori, maana hawezi hata kulipanda. Angekuwa amelala kama gogo. Lakini inspekta mwenyewe ameapa kwamba ulitembea juu ya mstari ukateleza mara mbili tu. Ama inspekta ameona vibaya, ama damu hii haikutoka kwako. Hebu niambie tena siku ile. Kila kitu, hata cha kipuuzi."

Longino alisimulia. Ndalahwa alikuwa anaandika. Alipofika kwenye pazia la kijani na nyayo zinazovuja maji, kalamu ilisimama.

"Kulikuwa na maiti chumba kilekile?"

"Ilikuwa nyuma ya pazia."

"Na chupa yako ilibandikwa jina mbele yako?"

"Hapana. Aliiweka dirishani. Kulikuwa na nyingine pale, tupu. Polisi wakanichukua."

Ndalahwa alimtazama Specioza, kana kwamba yeye ndiye jaji. "Mama," alisema, "mumeo inawezekana amefungwa kwa damu ya mtu mwingine."

Rufaa ilisikilizwa Mahakama Kuu, hapohapo Mwanza. Ndalahwa aliomba ushahidi wa nyongeza, na jaji akaukubali. Daktari wa hospitali ile ndogo aliitwa. Alikuwa mtu mkweli, na kwa ukweli wake alijiumiza mwenyewe. Alikiri kwamba alasiri ile alitoa damu ya watu wawili katika chumba kimoja, dereva na mtu aliyezama ziwani, aliyeletwa na Landrova ya polisi kutoka ufukweni. Chupa zote mbili zilikaa dirishani bila majina. Zilibandikwa kesho yake asubuhi.

"Ulijuaje ipi ni ya nani?" Ndalahwa aliuliza.

"Niliamini ya kushoto ni ya dereva."

"Uliamini."

"Ndiyo, mheshimiwa." Daktari alijifuta uso. "Niliamini."

Kisha akasimama mkemia aliyesafiri kwa treni kutoka Dar, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Alisema mabaki ya damu yalikuwa yamehifadhiwa, naye ameyapima upya kwa amri ya mahakama. Damu yenye jina la Kahigwa haikuwa ya kundi la Kahigwa. Watu wakaguna.

"Kuna jambo jingine, Mheshimiwa Jaji," aliendelea. "Sikuliandika kwenye ripoti ya kwanza kwa kuwa sikuulizwa, na nilidhani ni joto la safari. Chupa hii ilipofika kwetu ilikuwa imeharibika kuliko zote zilizokuja nayo katika sanduku moja. Nimeitazama tena." Alifunga faili lake. "Kwa maoni yangu, hii si damu ya mtu aliyekuwa hai. Ilitolewa kwa mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa."

Jaji alivua miwani.

"Na ile chupa ya marehemu?"

"Hiyo ni ya mtu mzima wa afya, Mheshimiwa. Haina hata tone la pombe."

Longino aliona watu waliokaa naye kwenye benchi wanasogea. Hawakusogea kwa dharau, maana walikuwa wamekwisha kuamini kwamba hakulewa. Walisogea kama watu wanavyosogea mbali na shimo. Mtu huyu alikuwa ameshtakiwa, amehukumiwa na amefungwa kwa damu ya maiti, na kule kaburini kulikuwa na maiti aliyezikwa kwa damu yake. Specioza peke yake ndiye aliyemsogelea. Alimshika mkono, akaukuta una joto, akaanza kulia.

Jaji aliifuta hatia. Alisema mtu aliyepasuka kichwa hapimwi ulevi kwa mstari wa chaki, na harufu ya nguo si ushahidi wa kilichomo tumboni. Alisema pia kwamba damu ya mshtakiwa lazima ifungwe na kuandikwa jina mbele ya macho yake, la sivyo ni maji tu. Leseni irudishwe. Longino alisikia yote hayo kama mtu aliye chini ya kisima anayesikia watu wakizungumza juu.

Nje, kwenye ngazi, daktari aliwafuata kuomba radhi. Longino alimpa mkono. Ndipo Specioza akauliza, "Daktari, kwa nini mlipima damu ya mtu aliyezama?"

"Ndugu zake walitaka kujua kama alikuwa amelewa, mama. Aliitwa Nkwabi, mtu wa Mwagulu, kijiji cha ufukweni kule upande wa kivuko. Jibu likarudi kwamba hakulewa." Daktari alitazama viatu vyake. "Nimesikia tangu siku ile kuna bibi kizee wamemfukuza, wakachoma nyumba yake. Walisema kama hakulewa, basi amelogwa."

"Anaitwaje?"

"Kashindye, nadhani."

Specioza alikaa chini palepale kwenye ngazi ya mahakama, na kanga yake mpya.

*

Longino hakuwa na deni lolote kwa watu wa Mwagulu, na Ndalahwa alimwambia hivyo. Lakini jioni ileile Specioza alikunja kanga mbili kwenye kikapu. "Ulikuwa unaniambia nami nikakuonea wivu," alisema. "Twende."

Walikwenda asubuhi, kwa basi mpaka Usagara na kwa lori la mahindi kutoka hapo. Walipofika ufukweni wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda. Juu ya maji ilisimama nguzo ya wadudu, nyeusi, ndefu kuliko mnara wa kanisa, ikijikunja kama moshi wa moto usioonekana. Hapakuwa na upepo. Watu wa Mwagulu walikuwa kwenye shamba la kijiji, na mwenyekiti akawaita chini ya paa la ghala. Walikuja na majembe yao.

Kaka wa marehemu alikuwa Shimba, mtu wa kifua kipana, mwenye kupendwa. Mjane alikuwa Wilhelmina, bado amefunga kitambaa cheusi. Longino aliwaamkia wazee, akasimama. Hakuwa mzungumzaji. Alisema alivyoweza.

"Mimi ni dereva. Siku ndugu yenu alipozama, nilipata ajali, tukatolewa damu chumba kimoja. Chupa zikabadilishana. Mahakama Kuu imethibitisha. Ile damu iliyosema ndugu yenu hakulewa, ilikuwa yangu."

Minong'ono ilipita. Shimba alisimama. "Wewe mgeni umetoka mjini kuja kumwaibisha marehemu? Nkwabi aliacha pombe. Aliapa hapa mbele yetu wote. Bibi yule alimwambia maji yatammeza, na maji yakammeza. Sote tulisikia. Na macho ya bibi yule, mekundu ya kichawi, mlikuwa hamyaoni?"

"Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia," alisema mwanamke mmoja kwa chini, kisha akaogopa alichosema.

Wilhelmina hakumtazama Shimba. Alimtazama Longino. "Na ile damu yenye jina lako," aliuliza, "ilikuwa na pombe kiasi gani?"

Longino hakutaka kumjibu mjane. Specioza akamjibu. "Dada yangu, wamesema mtu wa kiasi kile hawezi kusimama."

Wilhelmina aliinamisha kichwa. Alipokiinua, aligeuka kwa shemeji yake.

"Asubuhi ile alipita kwako kuchukua kasia," alisema. "Alitoka kwangu mzima, amekunywa uji. Shemeji, ulimpa nini?"

Shimba aliliweka jembe chini. Watu wote walimtazama.

"Alikuwa na huzuni," alisema. "Nilimwambia kidogo tu, ya kumchangamsha. Akamaliza chupa. Nikacheka. Nikamsukumia mtumbwi mimi mwenyewe." Akakaa chini. "Walipomtoa majini nilitaka kufa. Halafu serikali ikasema hakulewa. Mnajua nilifurahi? Nikasema, basi si mimi. Ikiwa si mimi, ni mtu mwingine. Na bibi alikuwa amesema yale maneno. Nikaamini. Wallahi niliamini mpaka nikawasha moto kwa mkono huu."

Hakuna aliyemgusa. Mwenyekiti alimwambia askari mgambo wawili wakae naye. Kisha akaongoza njia kwenda kwa Kashindye, na wengi hawakufuata.

Alikuwa anaishi kwenye majabali, pale mawe makubwa yanapoingia ziwani, chini ya jiwe lililoegemea jingine. Tangu Agosti mpaka sasa hakuna aliyethubutu kumpelekea chakula. Njiani Wilhelmina alisema ataona aibu kumtazama, maana atakuwa mifupa. Lakini bibi aliyetoka chini ya jiwe alikuwa mzima. Ngozi yake ilikuwa inang'aa.

"Shikamoo, bibi," Longino alisema.

"Marahaba." Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa upande. "Wewe ndiye uliyekuwa unasema kwa niaba yake."

Longino alichuchumaa mbele yake. "Kwa niaba ya nani, bibi?"

"Mwanangu. Mama yake alipofariki mimi ndiye niliyemlea, mpaka akaoa. Hawakukwambia?" Aliketi polepole. "Nilimgombeza kwa ajili ya pombe. Nilimwambia maji yatakumeza. Mama yeyote angesema."

Mwenyekiti alikohoa, akamwambia kwamba Shimba amekiri, na kijiji kinamwomba radhi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya mwaka jana. Specioza alikuwa ameshusha kikapu ampe kanga, ndipo akaona, juu ya jiwe bapa, sato wawili. Walikuwa wabichi, mashavu yao yanafunguka na kufunga. Jiwe lile lilikuwa linachomwa na jua la utosini, lakini kutoka kwa samaki wale mpaka ukingoni mwa ziwa kulikuwa na alama za unyevu, moja mbele ya nyingine, mahali pa kisigino na mahali pa vidole. Zilikuwa zinakauka huku wakizitazama.

Specioza aligeukia maji. Hapakuwa na mtumbwi. Hapakuwa na mtu. Ile nguzo ya wadudu ilikuwa imesogea karibu na ufukwe, na katikati yake palikuwa peusi kabisa.

"Ni wewe unayemletea?" alimnong'oneza Wilhelmina.

Wilhelmina alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Huja jua likiwa hapa," Kashindye alisema, akionyesha utosi wake. "Hasemi. Nikimwambia kaa, hakai. Nilidhani ananililia nimsamehe, nami nilikwisha kumsamehe siku ileile. Kumbe alikuwa anawalilia ninyi." Alimtazama mjane. "Mwambie apumzike, binti. Mimi nimechoka kumwambia."

Wilhelmina alitembea mpaka ukingoni, maji yakamfika vifundoni. Aliongea na ziwa kwa sauti ndogo, Kisukuma, na waliobaki kwenye mawe walitazama pembeni kama watu wanavyotazama pembeni mke na mume wakizungumza. Aliporudi alikuwa amefungua kile kitambaa cheusi kichwani. Nguzo ya wadudu ilikatika katikati, ikamwagika juu ya maji kama majivu.

Sato wale Kashindye alimpa Specioza awapeleke nyumbani. Specioza aliwapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi, akawapika Buzuruga siku ileile. Longino alikula. Alisema walikuwa samaki wazuri. Mchana uliofuata alilala kwenye mkeka, na Specioza akakaa karibu naye akimsikiliza mpaka alipoamka. Alikoroma tu.

Shimba alishtakiwa kwa kuchoma nyumba akafungwa. Longino alirudishiwa lori lake, na barabara ya Usagara aliipita mara nyingi, kiangazi na masika, bila kuona kitu. Kila alipopeleka mzigo upande wa kivuko alipita Mwagulu kumwamkia bibi, na wakati mwingine alimkuta Wilhelmina hapo anasonga ugali.

Kijiji kilimjengea Kashindye nyumba mpya kwa kazi ya pamoja, siku ya Jumamosi, wanaume kwenye miti na wanawake kwenye udongo. Walimuuliza mlango wauweke upande gani. Nyumba zote za Mwagulu hutazama ziwa, kwa ajili ya upepo. Alisimama kwenye kiwanja, akawaza, akawaambia wauelekeze milimani.

"Joto litakuua, bibi," mwenyekiti alisema.

"Acha liniue," alijibu. "Ziwa nimekwisha kulitazama."